Mkono wa Mzee Ernesto Haupigi Mtu

Jumanne, Parramatta, hapa Sydney. Manyunyu tangu asubuhi, baridi ya kuingia mifupani, na mimi nimechemka.

Leo nimekataa kutia sahihi.

Acha niliandike kabla hasira haijapoa. Kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi yupo Mzee Ernesto, Mfilipino aliyekuwa askari wa jeshi la kwao ujanani. Kumbukumbu zimemtoka, hata jina la bintiye halijui tena. Lakini mikono yake haijasahau. Kila akikaa kitini, mkono wa kulia unafanya kazi ileile: kidole gumba kinashindilia kitu chini, kinachomoka upesi kama kimegusa moto, halafu kiganja kinasukuma mbele kwa nguvu.

Jumapili kiganja hicho kilimpata Wanjiru mdomoni, alipoinama kumfuta uji kifuani. Wanjiru ni muuguzi kutoka Nyeri, rafiki yangu wa kwanza katika mji huu, na mdomo ulimvimba kwelikweli. Meneja akaandika ripoti: mzee ana fujo, anapiga ngumi, apewe dawa za kutuliza na ahamishiwe upande wa milango ya kufungwa. Mimi nilikuwepo chumbani. Ikabaki sahihi yangu ya shahidi.

Sasa, mimi ni mtoto wa Tanga niliyepita kambi ya mafunzo ya jeshi baada ya kidato cha sita. Miezi ile nilifungua na kufunga bunduki tuliyoiita SMG mpaka nikawa naiota. Mkono uliozoea bunduki naujua. Wa mzee niliutambua, ila haukufanana na wangu. Jana, siku yangu ya mapumziko, nikashinda na simu nikisoma kuhusu silaha za jeshi la Ufilipino, moja baada ya nyingine. M16 haikulingana, hiyo unaikoki kwa kuvuta nyuma. M14 nayo, magazini yake inaingilia chini. Ndipo nikafika kwenye M1 ya zamani. Risasi nane zimeshikwa pamoja na kibati, unazishindilia kwa juu kwa kidole gumba, na ukichelewa kukitoa chuma kinarudi na kukibana. Kisha unausukuma mpini mbele kwa kiganja ili bunduki ifunge sawasawa.

Leo asubuhi nilimshika mkono nikauangalia. Ukucha wa kidole gumba umepasuka katikati, kovu la miaka mingi.

Anajaza risasi, maskini, na anaogopa kuumia.

Nilimweleza meneja, nikamwonyesha kwa mikono yangu mwenyewe. Akasema basi hilo ndilo linalothibitisha mzee ni hatari. Meneja mwenyewe ni mtu ambaye hajawahi kushika hata manati.

Wanjiru akanivuta pembeni. "My dear, sign tu hiyo form tuendelee na kazi. Wewe ni casual. Wakikukata shifts utalilia nani?"

"Dada, ulisimama kulia kwake," nikamwambia. "Mimi husimama kushoto, na mwaka mzima hajanigusa."

Akagusa mdomo wake, akanitazama. "Kichwa ngumu kama yako sijaona," akasema. Ila hakunisihi tena.

Na niseme la aibu. Mwaka jana nilisaini karatasi kama hii, ya bibi mmoja aliyekuwa akirusha vikombe. Sikuuliza kwa nini anavirusha. Nilihofia zamu zangu. Wakamhamisha, wakampa hizo dawa, na baada ya wiki chache hakuweza tena kuinua kijiko. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo linaloniuma.

Kwa hiyo leo nilichukua kalamu nikaandika maelezo yangu: tusimame kushoto, tusimwinamie ghafla, tumwache amalize. Meneja akasoma akiwa amesimama. Akasema mzee anapewa wiki moja. Akimgusa mtu yeyote, anahamishwa, na mimi nitafute kazi kwingine.

Naogopa, sitajidanganya. Mikono ya mzee siiamrishi mimi, na wiki ina siku saba.

Liwalo na liwe. Kesho zamu ya asubuhi ni yangu. Nitaingia kwa Mzee Ernesto kabla ya mtu mwingine yeyote, nisimame kushoto, nisubiri ajaze bunduki yake mpaka atosheke. Na kiganja kikinipata, nitaandika mwenyewe kwamba nilisimama pabaya.