Mabega Mawili

Shule ya Kijiji, Nambilanje
14 Septemba 1950

Kwako dada yangu Lusiana, Ruponda,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Hujambo? Ule mguu umepungua uvimbe? Na mikorosho imetoa maua? Mimi mwili mzima, moyo ndio una homa. Siku zote barua zangu alikusomea mwanao Fidelis. Hii mwite Goreti wa katekista, akae kitako, asome polepole, asiruke neno.

Uliniuliza vijana wangu wa mieleka walifanyaje Nachingwea. Dada, tumepigwa. Niliwapeleka watatu, na wote watatu wamerudi bila kitu. Wewe unajua tulikuwa tunatafuta nini kule. Bwana wa kambi ya karanga alitangaza kwamba kijana atakayewashinda wenzake ataingizwa karakana, ajifunze kutengeneza matrekta. Ndiyo sababu ulinikabidhi Fidelis. Ulisema mjomba ndiye mwenye mtoto, nimtafutie kazi ya mikono asije akazeekea jembe.

Nikueleze habari za mmoja mmoja, kama mwalimu. Amri wa mzee Seleman ni mwepesi kama panya buku. Alimbwaga mwenzake kabla watu hawajakaa vizuri, kisha akageuka kunipungia mkono. Aliyebwagwa akaamka, akamrukia mgongoni, akamlaza. Filimbi ikalia, na mkono ulioinuliwa haukuwa wa Amri.

Dastani ana nguvu, pumzi hana. Aliteleza, goti likagusa mchanga, naye kwa heshima akampa mpinzani wake mkono kukubali kushindwa. Yule aliuvuta mkono huohuo akambwaga nao chali. Watu walicheka, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Fidelis alikuwa bora kuliko wote uwanjani, sisemi hivyo kwa sababu ni damu yetu. Alimwangusha yule kijana wa Masasi mara tatu, na kila mara alimwinua, akampangusa vumbi. Mwamuzi alikuwa akipunga mikono tu. Mara ya nne walianguka pamoja, goti la Fidelis likatangulia. Akalegeza mikono, kwa kuwa kwetu goti likigusa chini umekwisha, na aliye chini haguswi. Ndivyo tulivyocheza tangu utoto, ndivyo nilivyowafundisha miezi mitatu. Yule kijana akamlaza chali, akamkandamiza mpaka filimbi ikalia.

Ndani ya lori niliwasema njia nzima. Niliwaambia wamelegea kama uji wa mgonjwa. Fidelis aliniuliza kwa upole amekosea wapi, nikamjibu kwamba hana moyo wa kiume.

Siku ya Jumatano alikuja mlangoni kwangu. Alisema waandikishaji wa manamba wapo Ruangwa, anataka kwenda kukata mkonge, huko Tanga, maana hana uso wa kurudi kwako. Aliniomba ruhusa kwa kuwa mimi ni mjomba. Nilimpa. Ijumaa lori la manamba liliondoka naye.

Sasa Goreti asome taratibu.

Kabla ya mashindano Bwana wa kambi alituma barua ya kanuni, kwa Kiingereza. Unajua ninavyojisifu kwa Kiingereza changu cha Keya, cha jeshini. Padre alitaka kunisaidia kuisoma, nikamwambia nimekwisha kuielewa. Dada, sikuielewa. Niliokota neno hapa, neno pale. Palikuwa na neno moja nililodhani nalijua vizuri kwa sababu ya vita, neno la askari, soldiers. Nikasoma kwamba askari wawili watakuwa chini. Nikasema vema, kutakuwa na ulinzi. Na tulipofika uwanjani, askari wawili walikuwapo kweli, wamesimama karibu na bendera! Nilifurahi, nikajiona msomi.

Kumbe halikuwa neno la askari. Lilikuwa shoulders, yaani mabega. Mtu hajashindwa mpaka mabega yake mawili yaguse chini. Goti si kitu. Kaimu, karani wa kambi, ndiye aliyenivuta kando akaniuliza kwa nini vijana wangu wanaacha kushindana katikati. Hayo aliniambia kabla hatujapanda lori. Niliyajua, dada, na bado nikawasema njia nzima, kwa kuwa niliona aibu mbele yao.

Ujasiri ulinijia Jumamosi. Nilikwenda Ruangwa kwa baiskeli, nikakuta alama za magurudumu tu. Hakuna ajuaye watapelekwa shamba gani. Nachingwea nako nilifika, wakaniambia nafasi ya karakana imekwisha kujazwa na yule wa Masasi. Sina pa kuandika wala pa kwenda.

Jambo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Jumatano ile mlangoni, kabla ya kuomba ruhusa, Fidelis alipiga magoti akasema, mjomba nisamehe kwa kukutia aibu. Ile barua ya kanuni ilikuwa mfukoni mwangu. Nami nikamwambia nimekusamehe.

Wasalimu shangazi Biasha na majirani wote. Akitokea mtu yeyote atokaye Tanga, muulize habari za kijana mrefu anayewainua wenzake wakianguka. Akipatikana, mwambie mabega yake hayakuwa na kosa.

Ni mimi ndugu yako,
Kornel