Siku Tano Nilizokaa na Karatasi Yako

Atupele, mdogo wangu,

Jumamosi tumemaliza arobaini yako. Mvua ilitukosa, baridi haikutukosa. Viazi vya shamba la juu tumeshavichimba, na mara mbili nilishika simu nikisubiri upige kuuliza vimetokaje, kama ulivyozoea kila msimu. Mama anakula sasa, kidogo kidogo. Mimi bado niko hapa Mbeya, Mwanjelwa, na duka langu la mbegu na dawa za mahindi. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu.

Wanafunzi wako walikuja kutoka Iringa, wale wasioona na wenye uoni hafifu uliokuwa ukiwafundisha. Walishuka kwenye basi wameshikana mabega, wakaimba katikati ya ua wa baba. Nitakuambia ukweli, maana kukudanganya sasa hakunisaidii kitu: nilikuonea wivu. Umelala ardhini siku arobaini, na mimi nimekaa kwenye mkeka, "dada mkubwa wa marehemu" ndilo jina langu pekee, ninakuonea wivu kwa jinsi wale watoto walivyokulilia. Nilijiuliza nikifa mimi nani atapanda basi.

Halafu msichana mmoja wa kidato cha tatu akasimama. Alisema, "Madamu alikuwa hamwachii mtu karatasi zetu za daktari wa macho. Alizipeleka ofisini kwa mkono wake, akasubiri mpaka majina yetu yaandikwe. Tulimuuliza kwa nini, akasema ya kwake iliwahi kuchelewa."

Watu wakaguna kwa masikitiko. Mimi nikainamisha kichwa, jirani akanipa leso akidhani ni uchungu.

Atu, unakumbuka mwaka niliotakiwa kuanza darasa la kwanza? Wewe labda hukumbuki, ulikuwa mdogo. Mama alininunulia sare, nikaivaa nyumbani siku nzima. Jioni akanivua, akaikunja. Alisema, "Tusa, utamsubiri mwenzio mwaka mmoja, muanze wote. Yeye haoni vizuri, wewe utakuwa macho yake." Nikasubiri. Tangu hapo nilikusomea ubao, nikakushika mkono kuvuka mto, nikakuandikia notisi zako kwa herufi kubwa kabla ya kuandika zangu. Mgeni akija nyumbani anauliza, "Atupele anaendeleaje na shule?" Hakuna aliyeuliza Tusajigwe anaendeleaje. Mimi nilikuwa naona, basi ikawa imetosha.

Tulipofika kidato cha nne kule Iringa, mwalimu wetu wa elimu maalumu akasema utaletewa mitihani yenye maandishi makubwa na utaongezewa muda. Alitaka kitu kimoja tu, karatasi ya daktari inayoonyesha hali ya macho yako, imfikie kabla ya Ijumaa, siku ya kupeleka majina. Wiki ile mimi nilikuwa nimeruhusiwa kwenda Mbeya kwa sababu mama alikuwa anaumwa. Karatasi ilikuwa tayari hospitalini. Mama, na homa yake, akaenda kuichukua, akanikabidhi Jumanne. Alisema, "Hii usiikunje."

Sikuikunja. Niliiweka katikati ya daftari la Baiolojia, nikafika shuleni Jumatano. Ulikuja getini kwa kuisikia sauti yangu. Uliuliza, "Dada, umeileta?" Nikakujibu, "Bado haijatoka."

Mpaka leo sijui kama nilikuwa nimepanga. Nadhani nilitaka tu usubiri siku moja, uonje. Alhamisi nikasema moyoni nitakupa jioni. Ijumaa nilikuona umekaa nje ya ofisi ya mwalimu, umeegemea ukuta. Nilipita mbali. Niliwaza, ngoja tukae chumba kimoja, mtihani mmoja, muda mmoja, wote sawa, tuone. Ndiyo, niliita hiyo sawa.

Jumatatu nikaitoa, nikasema kuna mtu ameileta kutoka Mbeya. Mwalimu alipiga simu, akaandika barua, akasafiri hata mjini. Aliambiwa orodha imeshafungwa.

Nilikaa safu mbili nyuma yako. Siku ya Hisabati ulikuwa umelaza uso mezani, lenzi yako ya kukuzia inatembea juu ya mstari, inarudi, inatembea. Kila baada ya muda unafunga macho na kuyabana kwa vidole. Msimamizi aliposema kalamu chini, ulikuwa hujafungua ukurasa wa mwisho. Uligeuza shingo kunitafuta, kama ulivyofanya tangu darasa la kwanza. Nikajifanya nafunga kiatu.

Matokeo yalipotoka mimi nilipata daraja la pili. Wewe ulifeli. Baba alinitaja kanisani, jina langu peke yake. Wiki ile nilikuwa na furaha, mdogo wangu. Naona aibu kuliandika hilo kuliko hata lile la karatasi.

Mwaka uliofuata ulirudia mtihani, safari hii kwa maandishi makubwa na muda wa nyongeza, ukanipita kwa mbali. Nikakuambia mbele ya shangazi, "Wewe umebebwa." Hukukasirika. Ulisema, "Dada, muda wa nyongeza hauandiki majibu. Unanisubiri tu nimalize kusoma swali." Shangazi akacheka. Mimi sikulala vizuri siku kadhaa.

Ukawa mwalimu. Nikawa muuza mbegu. Miaka yote hiyo ulinipigia kila Jumapili, na kila Jumapili nilitaka kusema nikakuuliza habari za hali ya hewa. Figo zilipokuangusha nilipanda gari asubuhi ileile kuja Iringa, nimelipanga neno lote njia nzima. Nilikuta shuka limeshafunika uso wako.

Kwa hiyo Jumamosi, wageni walipoondoka, nilimfuata mama jikoni. Alikuwa anaosha sufuria. Nikamwambia kila kitu, kuanzia daftari la Baiolojia. Nilitegemea anipige au alie. Aliendelea kusugua.

Akasema, "Najua."

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu kabla ya mtihani. Alinipigia Alhamisi ile kwa simu ya mwalimu akaniuliza karatasi itatoka lini. Nikamwambia nimempa dada yake Jumanne. Akasema, mama, usimuulize dada. Amechoka kunishika mkono."

Nilikaa chini pale pale, kwenye gunia la mkaa.

Ulijua, Atu. Ulikuja getini Jumatano hujui, lakini ulipokaa ukutani Ijumaa ulikuwa unajua. Labda hata uliniona napita mbali, kwa macho yako hayo hayo, na hukuniita. Miaka yote ya Jumapili ulikuwa unajua. Na unajua nilichohisi pale jikoni, kabla ya shukrani, kabla hata ya machozi? Wivu. Hata kusamehe umenitangulia, na umefanya bila kumwambia mtu, mahali ambapo nisingeweza hata kushindana nawe.

Sitakuahidi kwamba wivu umekwisha. Nimeishi nao tangu siku ile ya sare, nadhani utazeeka pamoja nami. Lakini mwezi ujao tunajengea kaburi lako, na familia imenichagua mimi kusoma maisha yako mbele ya watu. Mjomba ameshaandika karatasi ya kusoma. Imeandikwa kwamba mara ya kwanza ulifeli.

Hilo sitalisoma. Nitasema hukufeli. Nitasema ni nani aliyekunyima maandishi uliyoweza kuyasoma, na nitataja jina langu lote, la baba na la ukoo, mama akiwa amekaa mbele.

Lala salama, mdogo wangu. Niachie siku hiyo moja nitangulie mimi.

Dada yako,
Tusajigwe