Vikombe vya Mahindi

Kabiria, 4 Februari 2025

Mwihaki binti yangu,

Bwana asifiwe. Mimi mzima, ni goti tu. Wewe na watu wa Kilimani mko aje? Simu sitaki, Njambi akija kufua huko atakupa hii.

Vikombe nimepata. Kenyatta Market yote imeona. Nimewaambia hii plastiki ya mahindi anatengeneza binti yangu, ikitupwa inaoza. Eti nisitie supu? Mahindi ya githeri, na maharagwe yake, nachemsha masaa manne na hayajawahi kuyeyuka! Supu nimeuza miaka thelathini, sifundishwi.

Babako, Waithaka

Kilimani, 6 Februari

Baba mpendwa,

Goti linaendeleaje? Mimi niko salama.

Tafadhali, hii si githeri. Ikifika digrii sitini inalegea, na supu yako inatoka jikoni ikichemka. Nimepima mwenyewe. Kuna vikombe tunavyopitisha kwa tanuri ili vivumilie moto, lakini havijatoka bado. Hivi ni vya maji baridi na juisi tu. Nakuomba.

Binti yako, Mwihaki

Kabiria, 19 Februari

Mwihaki,

Natumai huumwi. Hapa kuna maneno kidogo. Kikombe chako kililegea mkononi mwa Kivuva, yule wa kuchoma nyama, supu yote ikamwingia pajani. Ngozi imetoka. Akaniuliza, "Mzee, kwani hukujua?" Watu walikuwa wengi. Nikasema binti yangu aliniambia vinavumilia. Ningesema nini, nichekwe na wasusi wa hapo sokoni? Usijali, atanyamaza.

Babako

Kilimani, 24 Februari

Baba,

Mpe Kivuva pole yangu. Hakunyamaza. Alikuja ofisini na bandeji, akasema mimi ndiye niliyeruhusu supu. Nimesimamishwa kazi. Ijumaa saa nne wakubwa wanaamua. Barua yangu ya tarehe sita ndiyo ushahidi wangu pekee. Mpe Njambi leo.

Mwihaki

Kabiria, 26 Februari

Mwihaki,

Hata sijui nikuulize hali namna gani. Ile barua niliwashia jiko siku ileile ilipofika, kwa hasira. Haiko.

Leo nimeenda kwa Kivuva. Nilimdanganya mbele ya watu, kwa hivyo nimengoja watu wajae. Nikasema, "Mwihaki alinikataza. Mimi ndiye nilitia supu." Msusi mmoja akamwita mwenzake kwa kelele, "Wanjugu, kuja usikie, Waithaka amekosa!" Nikawaacha wacheke. Kivuva hakunipa mkono. Lakini Ijumaa atakuja, asikie nikirudia kwa wakubwa wako. Na hakuna mzee hapo sokoni ambaye angekubali kosa vizuri kuliko mimi.

Nitavaa koti ya kanisa. Niambie ofisi ni ghorofa ya ngapi.

Babako