Mtu Asipulize Hiyo Kaseti

Mama Nelvine,

Nimepeleka majani ya chai kwa kituo cha kuuzia, halafu nitapitia sokoni Silibwet. Chai iko kwa thamosi na ng'ombe nimeshakamua. TV usizime, ~~tafadhali~~ nimesema usizime, mpaka uione kwa macho yako.

Kaseti ya gemu ya ile kompyuta yangu ya zamani imeamka. Ndiyo, ile kompyuta uliyoniambia mbele ya jirani yetu Onyancha ati haina kazi, boksi yake itafaa kuku kutagia.

Asubuhi nimeifungua hiyo kaseti na bisibisi. Meno yake ya shaba yalikuwa yamemea kutu ya kijani, na hiyo kutu ni mate yetu. Miaka yote ikigoma tunaipuliza kama moto wa kuni, wewe wa kwanza, mimi wa pili, na kila pumzi inaizidishia ugonjwa. Basi nimesugua na raba ya kufutia ya Nelvine, nikapangusa na spiriti, nikaiacha ikauke vizuri. Kuichomeka tu, ndege ya gemu ikapaa kwa skrini ya TV na ile sauti yake ya zamani. Nimecheza hapa jikoni peke yangu kama siku ya harusi yetu.

Kuku wako nimemtoa kwa boksi ya kompyuta, nikamhamishia kwa karai. Alikuwa ametaga. Yai ni lako, pika.

Lakini mdomo usikaribie kaseti. Ukisikia hamu ya kupuliza, moto uko jikoni.

Baba Nelvine