Kabla ya Kumlalisha Mwansa

Jumatatu, 7 Machi 1994
Umeme hakuna. Nimechemsha sindano kwenye makaa tena, moshi machoni. Kisha wakamleta Mwansa hapa hospitalini, ngiri inamtesa. Jirani wangu wa zamani. Walipowafukuza watu wa Kasai mjini humu, yeye ndiye aliyewaonyesha vijana mlango wetu. Mimi ni Msanga, kabila la hapahapa, nikaachwa. Mume wangu Kazadi, mtu wa Kasai, alifia kituoni akingoja treni ya kwao.

Jumanne, 8 Machi
Daktari atampasua kesho. Kumlalisha kwa dawa ni kazi yangu. Ameagiza petidini ya maumivu na Valiamu ya usingizi. Mwansa hakunitambua, nilivaa barakoa. Nimefua mashuka nikiimba. Aibu sina.

Jumatano, 9 Machi
Amekuja chumba cha upasuaji ananuka lutuku, gongo ya huku kwetu. Mkewe amemletea kwenye termosi, ya kumpa moyo. Wagonjwa wetu wengi hufanya hivyo, kisha wanaficha. Daktari ana mafua, hasikii harufu. Nilijua mimi tu.

Nilijua na yatakayofuata. Petidini ina kipokezi chake, mahali inaposhika, kwenye ngozi ya seli ya neva. Valiamu ina chake, na pombe inagonga hapohapo. Vipokezi husemezana kama majirani wa ukuta mmoja: kimoja kikiguswa, kingine nacho hubadilika. Vyote vikisema lala, mtu anasahau kupumua. Wangesema ni moyo wake uliosimama.

Dawa ilikuwa tayari kwenye sindano. Nikamuuliza kama amekunywa kitu. Akakana. Nikauliza tena, akakana tena. Nilifurahi. Nilitaka afe na uongo wake mdomoni. Ila nilitaka pia ajue ni nani anayemuua. Nikashusha barakoa.

"Mama Kazadi? Ni weye njo utanilalisha?"

"Ni miye."

Akaangalia sindano. Machozi yakamtoka. "Nilikunywa lutuku, mama. Ambia docteur."

Bado ningeweza kumchoma. Mkono ulikataa, nami nikaukasirikia. Nikamwambia daktari. Wakampa ganzi ya pale penye ngiri tu, na haikutosha. Alisikia kisu. Nilimshika kichwa. Sikumbembeleza.

Ijumaa, 11 Machi
Mvua. Yuko hai. Mimi ndiye ninayemfunga kidonda kila asubuhi, hakuna mwingine. Nikija anafumba macho. Hajalala, najua. Leo amelitaja jina la Kazadi, polepole, basi. Nilimaliza bandeji, nikasimama kidogo kusikiliza pumzi zake. Ziko sawa. Bado namchukia.