Ua Nyuma ya Jabali

Shoga, nicheke au nilie?? 😂

Lile ua la buluu tulilopanda mlima mzima kulitafuta, nimeliona MIMI!

Nilijibanza nyuma ya jabali nikojoe. Nachuchumaa, natazama chini, hilo hapo! Dogo, limejikunyata kwenye ufa, lina manyoya kama kifaranga.

Nikapiga yowe. Nikasahau suruali, shoga. SURUALI!

Wenzangu wote wakaja mbio, profesa wetu wa mimea mbele. Wala hakunitazama! Alijitupa chini kifudifudi, akaniuliza huku sauti inamtetemeka, "Umelikojolea?"

"Bado, Profesa!"

Akalia kwa furaha. Mtu mzima yule, na kofia yake ya sufu!

Sasa katangaza hakuna kujisaidia huku juu mpaka kila jabali likaguliwe.

Na mimi bado nimebanwa 😭