Dawa Niliyochanganya Kwenye Pumba

Wodini, Kilosa
14 Julai

Dada yangu Hildegarda,

Shikamoo. Natumaini huko Ruhembe mmeamka salama, na kifua cha shemeji Bonifas kimepata nafuu. Mimi mwilini sijambo. Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Nashinda kando ya kitanda cha mama, na masikio yake unayajua.

Kidonda cha mguu bado. Leo ni siku ya kumi na tisa tangu alazwe. Sindano za kwanza hazikufaa, wakabadilisha, nazo hazikufaa, uvimbe umepita kifundo. Jumatatu daktari aliniita nje akasema majibu ya usaha yamerudi: bakteria waliomo wameshazoea karibu dawa zote. Imebaki moja, inaletwa kutoka Morogoro. Ikishindwa, watakata mguu. Akaniuliza kama nyumbani tunafuga. Nikasema naenda kumchukulia mama uji.

Juzi ulimsema sana Loveth kwamba amemwacha mama asafishe banda la nguruwe peku. Mke wangu alilia. Mwache, dada. Yeye alimnunulia mama mabuti ya mpira. Niliyachukua mimi nikawa nayavaa shambani.

Sasa nisikilize. Januari watafiti walifika kwetu Munisagara, wakapitisha pamba puani mwa nguruwe. Machi walirudi wakanieleza kwamba nguruwe wangu wana bakteria wasiosikia dawa, kwa sababu ya antibiotiki ninayochanganya kwenye pumba kila siku, hata wakiwa wazima. Walinisihi niache, na mwenye jeraha asiingie bandani. Niliitikia. Walipoondoka nikaendelea, maana mwaka jana vitoto kumi na kimoja vilikufa kwa kuharisha, na niliogopa. Sikumwambia mtu, hata Loveth.

Mwezi wa sita mama alijikata na jembe. Kesho yake nilimkuta anafagia banda, kidonda kiko wazi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikapita.

Na wale majike wawili niliokuletea Pasaka wametoka banda hilo hilo. Nilikuletea nikijua. Usiwauze wala kuwachinja mpaka bwana mifugo awaone, na mnawe mikono kwa sabuni.

Leo asubuhi nimemwambia daktari yote. Hakunigombeza. Alisema hawezi kuapa kwamba ugonjwa umetoka bandani, ila ningesema siku ya kwanza wangepima usaha mapema.

Mama hajui. Kila akiamka anauliza kama nguruwe wamekula, ananihimiza nirudi nikawaangalie. Mchuuzi naye anapiga simu, anawataka wote. Kuwauza siwezi, kuwafuga naogopa, na hapa kitandani nashindwa kumtazama mama usoni.

Ile dawa imefika mchana huu, dripu ya kwanza inaingia. Alhamisi tutajua kuhusu mguu. Njoo kabla ya hapo. Nataka nimwambie mama mimi mwenyewe, na wewe usimame mlangoni nisije nikatoka.

Nisalimie shemeji na watoto. Loveth umpigie wewe. Mimi nimeshamwomba msamaha.

Mdogo wako,
Optatus